Ceska au Jericho: Bastola ipi inamfaa polisi wa Ogwedhi?

OGWEDHI ni kituo cha biashara kilichoko mashariki mwa Kaunti ya Migori, pale ardhi ya Waluo inapokutana na malisho ya Wamaasai wa Transmara, Kaunti ya Narok. Abakuria hawako mbali, na Wakisii na Wakipsigis nao hufika kwa shughuli zao. Kinachowakutanisha watu wote hao ni ng'ombe, na ng'ombe huyo huyo ndiye ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwagombanisha anapotoweka zizini usiku na kwato zake kuonekana zikielekea ng'ambo ya mpaka.

Katika mahali kama hapo, serikali huonekana kwa sura ya afisa wa polisi na silaha aliyobeba. Akiwa amevaa sare, aghalabu huonekana na bunduki begani. Akiwa ni mpelelezi aliyevaa kiraia, silaha yake ni bastola iliyofichwa chini ya koti. Na msomaji yeyote wa magazeti ya Kenya anayajua majina mawili ya bastola hizo bila hata kuwahi kuishika moja: Ceska na Jericho. Kila taarifa ya polisi kuhusu silaha iliyoibwa, iliyopotea au iliyotwaliwa kutoka kwa majambazi hutaja moja kati ya hizo, pamoja na idadi ya risasi zilizokuwamo.

Swali la ipi kati ya hizo mbili ni bora huwa halikosi wachangiaji. Kwa kawaida mabishano huhusu nguvu: ipi inapiga kwa kishindo zaidi, ipi inabeba risasi nyingi, ipi haikwami. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mabishano hayo yameelekezwa pasipofaa. Kwa nguvu, bastola hizi zinakaribia kuwa kitu kimoja. Zinatofautiana katika mambo mawili yasiyotajwa sana: jinsi zinavyotulizwa baada ya kuandaliwa kupiga, na alama zinazoachwa na risasi zake. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomhusu mwananchi wa Ogwedhi ambaye hatawahi kumiliki bastola maishani mwake.

Kwanza tukiri jambo moja. Bastola si silaha ya kukabiliana na wezi wa mifugo. Bunduki ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi, humfikia mtu kwa uhakika umbali wa mita 400. Bastola mikononi mwa afisa wa kawaida huanza kukosea baada ya mita 25, na gizani, mbio zikiwa zimemtoa jasho, hata mita 10 ni nyingi. Afisa anayefuata nyayo za ng'ombe kuelekea Transmara akiwa na bastola pekee anajihatarisha bure. Kazi hiyo ina watu wake, kikiwamo kikosi maalumu cha kupambana na wizi wa mifugo, na ina silaha zake.

Kazi ya bastola ni ya karibu. Ni ya mpelelezi aliye katikati ya umati sokoni, ya afisa anayebisha mlango wa nyumba ya mshukiwa, ya anayesimamisha pikipiki kizuizini usiku. Pale sokoni, risasi ikimkosa aliyelengwa itampata mwingine: mchuuzi wa nyanya, mtoto aliyeshika kamba ya mbuzi, au mnunuzi aliyetoka mbali na fedha zake mfukoni. Kwa sababu hiyo, tofauti ndogo katika chuma cha bastola zinaweza kuwa tofauti kati ya siku ya kawaida na msiba.

Tuanze na ukoo wa silaha hizi. "Ceska" si jina la bastola hasa. Ni neno linalomaanisha "ya Kicheki", lililochukuliwa kutoka jina la kiwanda cha Česká zbrojovka kilichoko mji wa Uherský Brod. Bastola yenyewe iliyokipatia kiwanda hicho sifa inaitwa CZ 75, na ilibuniwa na fundi František Koucký mwaka wa 1975, wakati nchi hiyo ingali Chekoslovakia chini ya utawala wa Kikomunisti. Serikali ya huko iliifanya hataza ya ubunifu huo kuwa siri. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyotarajiwa: kwa kuwa hataza haikusajiliwa nje ya nchi, viwanda vya mataifa mengine viliinakili bastola hiyo bila kizuizi cha kisheria.

Mmoja wa walionakili alikuwa kiwanda cha Tanfoglio nchini Italia. Kutokana na kazi ya Waitaliano hao, shirika la silaha la serikali ya Israeli lilitoa bastola yake mwaka wa 1990 na kuiita Jericho 941, kwa jina la mji ule ambao kuta zake wasomaji wa Biblia wanajua zilivyoanguka. Tarakimu zake nazo zina maana: 9 ni ya risasi ya milimita 9, na 41 ni ya risasi nyingine ya kaliba .41 ambayo bastola hiyo iliweza kupiga ikibadilishwa mtutu, lakini ambayo haikupata wanunuzi wengi. Tangu 2005 utengenezaji wake uko chini ya kampuni ya kibinafsi, IWI.

Kwa hiyo anayebishana kuhusu Ceska na Jericho anabishana kuhusu mtu na mpwa wake. Zote mbili, katika miundo yake ya asili, zina kiunzi cha chuma kitupu. Zote hupiga risasi ile ile ya milimita 9, ambayo kiwanda cha serikali cha Eldoret hutengeneza. Magazini zake hubeba risasi 15 au 16. Kila moja ina uzito wa takriban kilo moja kabla ya kujazwa. Katika zote mbili, sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi inapotoka huteleza ndani ya kiunzi badala ya nje yake, jambo linaloipa bastola utulivu na kuifanya ipige pale inapoelekezwa.

Uzito huo una faida na hasara. Chuma kizito humeza mshtuko, na afisa anaweza kupiga risasi ya pili bila mkono kurushwa juu. Chuma pia hudumu, ndiyo maana unaweza kukuta bastola iliyo na umri mkubwa kuliko konstebo anayeibeba. Lakini kilo moja kiunoni kutwa nzima, juu ya pikipiki katika barabara ya mashimo, si jambo dogo, na chuma hakipendi jasho wala mvua. Bastola isiyopakwa mafuta katika msimu wa mvua wa bonde la Ziwa Viktoria huota kutu upesi. Hapo pia hakuna mshindi. Zote mbili zinadai kitambaa, mafuta na afisa asiye mvivu.

Sasa tuje kwenye tofauti ya kwanza.

Bastola hizi zina nyundo ndogo nyuma. Nyundo ikiwa imelala, afisa akivuta kifyatulio hulazimika kuvuta kwa nguvu na kwa safari ndefu, kwa sababu mvuto huo mmoja huinua nyundo na kuiangusha. Baada ya risasi ya kwanza nyundo hubaki imeinuka yenyewe, na kuanzia hapo mvuto mwepesi wa kidole unatosha. Bastola iliyo katika hali hiyo ya pili, yaani nyundo juu na risasi ndani ya chemba, inahitaji kutulizwa kabla ya kurudishwa kiunoni.

Ceska ya kawaida ina wenzo mdogo wa usalama kwenye kiunzi, ubavuni. Huufunga utaratibu wote nyundo ikiwa juu. Lakini ikiwa afisa anataka nyundo ilale, hana kifaa cha kumsaidia. Inambidi aishike nyundo kwa kidole gumba, avute kifyatulio kwa kidole cha shahada huku risasi ikiwa ndani ya chemba, kisha aishushe polepole. Akiwa ametulia, mchana, mikono ikiwa mikavu, atafaulu. Akiwa ametoka kwenye purukushani, moyo ukimdunda na vidole vimeloa, nyundo inaweza kumponyoka. Na kwa kuwa kifyatulio kimevutwa, hata kile kizuizi cha ndani kilichoongezwa katika toleo la B, ambacho huizuia bastola kupiga ikianguka chini, hakitafanya kazi. Risasi itatoka.

Baadhi ya miundo ya Jericho ina jibu la tatizo hili. Wenzo wake umewekwa kwenye sehemu ya juu inayoteleza, na ukishushwa huilaza nyundo kwa usalama bila mtu kugusa kifyatulio. Kwa afisa wa kituo kidogo, asiyepata nafasi ya kufanya mazoezi ya shabaha mara kwa mara, hilo ni jambo la thamani kuliko majigambo yote kuhusu kishindo.

Lakini hapa ndipo penye mtego, na sijaona ukijadiliwa vya kutosha. Katika Ceska, wenzo ukiwa juu bastola imefungwa, na ukishushwa iko tayari kupiga. Katika Jericho yenye wenzo wa juu, mambo ni kinyume: ukishushwa imefungwa, ukipandishwa iko tayari. Na ziko Jericho nyingine, zile zenye wenzo kwenye kiunzi, zinazofuata desturi ya Ceska. Sasa mweke afisa aliyezoea moja, umkabidhi nyingine kwa sababu ya kwanza imepelekwa kutengenezwa au imechukuliwa na mwenzake wa zamu. Kidole gumba kina kumbukumbu yake. Wakati wa hatari atakishusha kama alivyozoea, na ama bastola itakataa kupiga anapohitaji kuokoa maisha, ama itakuwa tayari kupiga wakati yeye anaamini ameifunga.

Kwa hiyo kituo chenye Ceska tatu na Jericho mbili zinazozungushwa kati ya maafisa kina hatari kubwa kuliko kituo chenye aina moja tu, hata kama aina hiyo ndiyo dhaifu. Vituo vyenye utaratibu mzuri huwa na pipa la mchanga ambamo mtutu huelekezwa silaha inapofunguliwa, ili risasi ikitoka kwa bahati mbaya izikwe humo. Gharama ya pipa na mchanga haiwezi kuwa kisingizio.

Tofauti ya pili inahusu alama, na wakazi wa Homa Bay na Migori wana sababu zao za kihistoria za kuizingatia.

Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri aliyezikwa katika Kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa bastola nje ya duka la dawa jijini Nairobi. Silaha ilikuwa revolva. Sehemu muhimu ya ushahidi dhidi ya Nahashon Njenga Njoroge, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka huo huo, ilikuwa uhusiano kati ya risasi zilizomuua waziri na silaha iliyopatikana nyumbani kwa mshtakiwa. Wengi hawakuridhika kwamba ukweli wote ulisemwa, hasa kuhusu nani aliyemtuma. Lakini kuhusu bastola, chuma kilikuwa kimetoa ushahidi.

Hilo huwezekana kwa sababu ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa ili kuizungusha risasi. Mifereji hiyo yenye kingo kali hukwaruza risasi inapopita, na mikwaruzo ya mtutu mmoja haifanani kabisa na ya mwingine. Ceska ina mtutu wa aina hiyo. Jericho za mwanzo zilitengenezwa kwa mtindo tofauti: ndani ya mtutu hamna kingo kali bali pembe zilizolainishwa. Mtindo huo una sifa zake. Mtutu husafishika kwa urahisi na hukawia kuchakaa. Lakini huacha alama hafifu juu ya risasi, na wataalamu wa maabara za uchunguzi katika nchi mbalimbali wamekiri kwamba kuihusisha risasi ya namna hiyo na bastola fulani ni kazi ngumu zaidi.

Si kwamba uchunguzi unakwama kabisa. Ganda la risasi linalotupwa nje nalo hubeba alama: pale lilipogongwa na pini na pale liliponyakuliwa na kutupwa. Alama hizo hupatikana katika Ceska na Jericho sawasawa. Tatizo ni kwamba risasi hubaki mwilini au ukutani, ilhali ganda linaweza kuokotwa na mtu yeyote na kutiwa mfukoni. Katika tukio ambalo afisa ndiye anayetuhumiwa, na wa kwanza kufika mahali hapo ni wenzake, tofauti hiyo si ya kinadharia.

Sheria inayohusika ipo na ni nzuri. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aliyetumia silaha aripoti kwa mkubwa wake na kueleza mazingira, na matumizi yanayosababisha kifo au jeraha baya yapelekwe kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA. Maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa kisayansi ya idara ya DCI ilizinduliwa jijini Nairobi Juni 2022. Lakini kati ya Ogwedhi na maabara hiyo kuna safari ya siku nzima, na ushahidi usiotunzwa saa ya kwanza hauwezi kuzaliwa upya Nairobi.

Eneo hili lilikumbushwa uzito wa jambo hilo Aprili 30, 2025, wakati mbunge wa Kasipul katika Kaunti ya Homa Bay, Charles Ong'ondo Were, alipopigwa risasi na kuuawa ndani ya gari lake katika Barabara ya Ngong na mtu aliyekuwa amebebwa kwa pikipiki. Washukiwa walifikishwa mahakamani na kesi hiyo si ya gazeti kuamua. Inatosha kusema kwamba baada ya miaka 56, swali lililoulizwa na waombolezaji lilikuwa lile lile la Rusinga: silaha ilitoka wapi, na ilikuwa mkononi mwa nani kabla ya siku hiyo?

Yapo mambo ambayo hakuna aina ya bastola inayoweza kuyazuia. Juni 13, 2024, mkuu wa kituo cha polisi cha Londiani aliingia katika mahakama ya Makadara, Nairobi, ambako mkewe alikuwa na kesi, akachomoa bastola na kumpiga risasi hakimu Monica Kivuti, aliyefariki baadaye. Mshambuliaji aliuawa papo hapo na maafisa wenzake. Bunduki ndefu isingeingia mahakamani namna ile bila kuulizwa. Bastola hutembea kimya kimya. Huenda nyumbani, hulala chini ya mto, hukaa kwenye meza ya baa na hushuhudia ugomvi wa ndoa. Kwa sababu hiyo, kumruhusu afisa kubeba bastola asipokuwa kazini ni uamuzi mzito kuliko uchaguzi wa chapa yake, na vituo vya mashambani haviwezi kuufanya kwa mazoea tu.

Risasi nazo zina habari yake. Mwaka wa 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini iliyoonyesha jinsi risasi zilizotengenezwa Eldoret, za matumizi ya polisi, zilivyokuwa zimefika mikononi mwa wafugaji wenye silaha. Ripoti hiyo ilihusu bunduki na ilihusu kaskazini, si Migori. Hata hivyo somo lake linafika mpakani mwa Transmara, kwani risasi isiyohesabiwa haina mpaka wa kaunti. Serikali ilipoamua Aprili 2019 kuzichukua silaha za polisi wa akiba ili wakaguliwe upya, hoja kuu ilikuwa hiyo: nani ana nini, na anaifanyia nini.

Je, ni ipi basi? Nikilazimika kuchagua kati ya mbili zilizo ghalani leo, kwa afisa wa Ogwedhi ningechukua Jericho yenye wenzo wa kulaza nyundo, kwa sababu hatari ya kila siku ni risasi inayotoka bila kukusudiwa. Ningefanya hivyo nikijua kwamba kama ni ya mtindo wa zamani, mtutu wake utamwia mgumu mtu wa maabara. Nikiruhusiwa kuagiza mpya ningerudi kwa mjomba: Wacheki hutengeneza toleo la CZ 75 liitwalo BD, ambalo badala ya wenzo wa usalama lina wenzo wa kulaza nyundo, na mtutu wake ni ule wa mifereji yenye kingo. Toleo hilo lina mema ya pande zote mbili, na halihitaji teknolojia ya kesho.

Lakini agizo jipya linahitaji zabuni, na zabuni za silaha nchini hujadiliwa nyuma ya milango iliyofungwa. Wakati huo ukisubiriwa, mkuu wa kituo hahitaji kibali cha Nairobi kupanga kwamba kila afisa abebe bastola ile ile kila zamu, nambari yake iandikwe katika kitabu cha matukio pamoja na hesabu ya risasi wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Wala hahitaji bajeti kubwa kupiga risasi moja ya majaribio kutoka kila bastola, kutia ganda lake katika bahasha yenye nambari hiyo hiyo, na kulipeleka maabara lihifadhiwe. Siku mchuuzi wa nyanya akianguka sokoni, bahasha hiyo itafunguliwa kabla ya mtu yeyote kuulizwa alikuwa wapi.